Mkono Uliopimwa Nusu

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipopamba moto kaskazini mwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, reli ilikuwa inaishia mbali na uwanja wa mapambano. Unga, risasi na dawa zilizoshushwa huko kusini zilitakiwa zifike Kasama na Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Sehemu ya safari hiyo ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, wale tengatenga ambao jina lao bado linakumbukwa. Sehemu nyingine ilikuwa ya maji: mto Luapula, vinamasi vya Bangweulu, kisha mto Chambeshi. Kwenye maji jeshi liliwategemea wapiga kafi. Huko Chambeshi ndiko Jenerali Lettow-Vorbeck alikopata habari, tarehe 14 Novemba 1918, kwamba vita vimekwisha Ulaya tangu siku tatu nyuma, na siku 11 baadaye akasalimisha silaha Abercorn.

Mtu anayesimama nyuma ya mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, mzigo umejaa hadi ukingoni, akausukuma kwa upondo katikati ya matete, anafanya hesabu kubwa bila kuandika tarakimu. Nyayo zinasikia mtumbwi ukilala upande kabla jicho halijaona. Mkono wa juu unaelekeza, wa chini unasukuma. Akikosea kidogo, unga unalowa na askari walio mbele wanashinda na njaa. Lakini daftari la jeshi halikuwa na safu ya ustadi huo. Askari aliandikishwa kwa kimo, kifua, meno, na kwa kabila ambalo afisa aliamini ni la wapiganaji. Mpiga kafi hakuandikishwa kwa lolote zaidi ya kwamba alikuwepo.

Naanza na wao kwa sababu kilichofuata duniani kwa zaidi ya miaka 100 ni juhudi ya majeshi kuijaza safu hiyo iliyokosekana. Wanasaikolojia huuita ustadi wa saikomota, yaani jicho linaona, akili inaamua na kiungo kinatii, vyote ndani ya sehemu ya sekunde. Majeshi ya Ulaya na Marekani yalianza na mkono, yakauacha. Afrika ya kusini na ya kati, wapimaji waliupokea mkono peke yake, wakakiacha kichwa. Kila upande ulimpima mtu nusu, na mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi upande wa Zambia hadi ng'ambo ya pili ya Kongo, umepakana na historia hiyo kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Chanzo cha upimaji huo ni ndege. Marubani wengi wa mwanzo walikufa mafunzoni, na makamanda wakataka kujua mapema nani atafaa. Ufaransa, madaktari Camus na Nepper walimkalisha kijana, wakamfunga vyombo vya kuandika pumzi yake na mtetemo wa mkono wake, kisha wakafyatua bastola ghafla karibu naye. Aliyetetemeka sana alirudishwa nyumbani. Italia nako Padri Agostino Gemelli alikuwa akipima marubani kwa vyombo vyake. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ilichukua njia nyingine kabisa: karatasi. Askari wapatao milioni 1.7 walifanya mtihani wa Alpha, au wa Beta kwa wasiojua kusoma, ambao ulielezwa kwa ishara na picha. Karatasi ilikuwa rahisi, ilisafiri popote, na karani yeyote aliweza kuisahihisha. Urahisi huo ndio uliotawala mambo mengi yaliyokuja baadaye.

Hata hivyo mkono haukusahauliwa upesi. Miaka ya 1930 daktari wa jeshi la anga la Marekani, Neely Mashburn, alitengeneza mashine yenye taa mbele, mpini wa kuongozea mkononi na pedeli miguuni. Vita vya Pili vilipokuja, mashine ya ukoo huo iliitwa Kipimo cha Uratibu Changamano. Mbele ya kijana kuna safu tatu za taa nyekundu. Katika kila safu taa moja inawaka, naye lazima asogeze mpini na pedeli hadi taa zake za kijani zilingane na zile nyekundu, zote tatu kwa pamoja. Zikilingana tu, mpangilio unabadilika. Palikuwa pia na sahani inayozunguka ambayo kijana huifuata kwa fimbo ya chuma bila kuiacha, na kipimo cha mikono miwili ambapo mkono mmoja unasogeza kitu mbele na nyuma, wa pili kushoto na kulia, kama fundi wa kerezo. Chini ya usimamizi wa watu kama Arthur Melton, mashine hizi zilipima mamia ya maelfu ya vijana, na zilifanya kazi: aliyefanya vizuri juu ya mashine alielekea kufuzu urubani, na karatasi peke yake haikuona hayo yote.

Baada ya vita Edwin Fleishman aliendelea kuuchambua mkono vipande vipande. Aligundua kwamba hakuna kitu kimoja kinachoitwa wepesi wa mkono. Utulivu wa mkono uliosimama ni kitu kimoja, kasi ya kuitikia ni kingine, wepesi wa vidole ni kingine, na uwezo wa kuendesha viungo vingi kwa pamoja ni kingine tena. Mtu anaweza kuwa hodari wa kimoja na goigoi wa kingine. Mwaka 1954, akiwa na Walter Hempel, alionyesha jambo ambalo naliona ndilo zito kuliko yote katika historia hii. Waliwafanyisha watu mazoezi marefu juu ya ile mashine ya taa, wakaona kwamba mwanzoni anayetamba ni mwenye akili ya kuelewa maelekezo na kuona mpangilio wa taa, lakini kadiri mazoezi yanavyosonga, nafasi hiyo inachukuliwa na wepesi wa viungo wenyewe. Kwa hiyo anayepimwa dakika kumi tu anapimwa kitu tofauti na kile atakachokihitaji baada ya miezi sita kazini. Jambo hilo litaturudia.

Mwaka uliofuata, 1955, jeshi la anga la Marekani liliziacha mashine zote hizo, ingawa utafiti ulikuwa bado unazitetea. Springi zililegea, mota zikaenda kasi tofauti, mashine ya mji huu haikulingana na ya mji ule, na upimaji ulikuwa umetawanywa kwenye vituo vingi vidogo visivyo na mafundi. Mkono uliondolewa kwenye kipimo kwa sababu ya matengenezo. Kwa karibu miaka 40 jeshi lililokuwa na ndege nyingi kuliko yote duniani liliwachagua marubani wake bila kuwapima mkono kwa mashine.

Upande wetu wa dunia hadithi ilikwenda kinyume. Simon Biesheuvel, mzaliwa wa Rotterdam aliyekulia Afrika Kusini, aliongoza kitengo cha vipimo vya uwezo cha jeshi la anga la Afrika Kusini wakati wa vita. Mwaka 1943 alitoa kitabu juu ya akili ya Mwafrika, akimjibu Laurence Fick aliyedai mwaka 1939 kwamba mtoto wa Kiafrika hafundishiki kama mtoto wa Kizungu. Biesheuvel alisema wazi kwamba huwezi kupima akili ya mtu kwa vitu ambavyo mazingira yake hayakumpa. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, tena ya ujasiri kwa wakati wake. Mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Wafanyakazi, Johannesburg, na ujuzi wa jeshini ukahamia migodini.

Hapo ndipo ilipozaliwa batari ya vipimo vya vitendo kwa ajili ya vibarua wa migodi ya dhahabu. Watu walitoka kila pembe, lugha zao hazihesabiki, kwa hiyo maelekezo yalitolewa kwa sinema isiyo na sauti. Kibarua alikaa na wenzake mbele ya pazia, akaona mtu akipanga nati na boliti kwa aina, akiunda mchemraba kutokana na vipande vilivyopakwa rangi, akiunganisha kigoda cha chuma cha miguu mitatu. Picha ikasimama, saa ikaanza, naye akafanya vilevile. Alama zake ziliamua kama atapewa mashine, kama atakuwa msimamizi wa wenzake, au kama atapewa sepetu.

Nimelifikiria sana jambo hili na sioni namna ya kulisema kwa upole. Kipimo chenyewe kilikuwa bora kuliko vingi vya wakati huo. Kilimheshimu mtu asiyejua kusoma, na kilimpa kitu cha kushika. Lakini kilifungwa ndani ya nyumba yenye dari fupi. Hata aliyeunganisha kigoda haraka kuliko wote hakuweza kuwa mhandisi, kwa kuwa sheria ya rangi ilikuwa imekwisha amua. Mkono wake ulipimwa kwa uangalifu mkubwa ili ajulikane atatumikaje, na hakuna aliyeuliza angeweza kufikiri nini.

Jeshi la Uingereza nalo lilifanya jambo la jinsi hiyo kwa askari wa Afrika Mashariki. Kitengo cha utafiti cha majeshi ya Mashariki ya Kati, chini ya A. Macdonald, kiliwajaribu askari Waafrika kwa vipimo vya vitendo, na ripoti yake ya mwisho ikatoka mwaka 1945. Jeshi lilikuwa linahitaji madereva, mafundi na wapiga simu kutoka miongoni mwa watu ambao lilikuwa limewachukua kama wabebaji. Miaka hiyohiyo Kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini, ambacho askari wake walipigana Tug Argan huko Somalia mwaka 1940, kisha Madagaska, kisha Burma, kilikuwa kinafunza vijana wa vijijini kuendesha malori na kulenga mizinga ya mota. Walijifunza. Hilo peke yake lilikuwa jibu kwa watu wa aina ya Fick.

Watu wa Luapula walikuwa wanatazama pande mbili. Tangu mapema karne ya 20 mawakala wa Robert Williams walikuwa wakiandikisha vibarua kutoka bonde la Luapula kwenda migodi ya Union Minière huko Katanga. Samaki nao walielekea huko, wakipitia kwa wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Baadaye wengi wakageukia migodi ya Copperbelt upande wa Waingereza. Ndiyo maana hadi leo sokoni Kashikishi Kiswahili cha Katanga kinasikika kando ya Kibemba, na tangu 2018, makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalipofunguliwa wilayani Nchelenge, kinasikika zaidi.

Migodi ya Katanga nayo ilikuwa na wapimaji wake. Miaka ya 1950 Paul Verhaegen alifanya kazi katika kituo cha saikolojia cha Élisabethville, na mwaka 1958, pamoja na J. L. Laroche, aliandika juu ya ugumu wa kupima uwezo wa Waafrika: kwamba kabla ya kumpima mtu lazima kwanza umfundishe kazi yenyewe hadi aielewe, la sivyo unapima ugeni wake. André Ombredane, aliyezunguka Kongo na vipimo vya maumbo, alisisitiza kurudia kipimo kwa mtu yuleyule, kwa sababu alama za mara ya pili na ya tatu zilisema mengi kuliko za kwanza. Soma hayo kando ya kazi ya Fleishman na Hempel utaona watu wa pande mbili za dunia wamegonga mlango mmoja. Mkono haujulikani kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja Zambia huru, na hapa ndipo ninapoiona kazi bora kuliko zote, ingawa haikufanywa na jeshi wala kwa ajili ya jeshi.

Kitengo cha utafiti wa makuzi ya binadamu cha Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, kilirithi mjadala juu ya picha. William Hudson wa taasisi ileile ya Johannesburg alikuwa ametangaza mwaka 1960 kwamba wafanyakazi wengi Waafrika hawaoni kina katika mchoro. Aliwaonyesha mwindaji, swala na tembo mdogo aliyechorwa mbali, akauliza mkuki umemlenga nani. Jan Deręgowski, akifanya kazi Zambia, aliuliza kwa njia nyingine. Aliwapa watu mchoro wa umbo, pamoja na vijiti na udongo laini wa kuviunganishia, akawaambia wajenge walichokiona. Wengi walioonekana hawaoni kina kwenye picha ya Hudson walijenga kitu chenye kina. Maneno yalikuwa yamewakwamisha, lakini mikono haikukwama.

Robert Serpell alikwenda mbele zaidi. Alichukua watoto wa miaka minane wa Lusaka na wenzao wa Manchester, akawapa kazi ileile, kunakili umbo, kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Kiingereza walishinda. Kwa waya, watoto wa Zambia walishinda. Kwa udongo, na kwa kuiga mikao ya mikono, hakuna aliyemshinda mwenzake. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1979. Yeyote aliyewahi kupita kitongoji chochote cha Zambia anajua sababu: magari ya waya. Mvulana anaokota waya wa uzio au wa matairi, anaupinda kwa meno na kwa jiwe, anatengeneza lori lenye usukani mrefu unaofika kifuani, magurudumu ya mbele yanageuka kweli, naye analikimbiza barabarani akilitungia sauti ya injini. Ameona lori mara moja likipita kwenda Mansa. Amelihifadhi kichwani, amelipunguza kwa kipimo, amelijenga upya kwa mistari angani. Mpe karatasi akuchoree lori hilohilo, utampa alama za chini na kuandika kwamba hana uwezo wa maumbo.

Miaka ya 1990 Serpell na Ravinder Kathuria walilifanya wazo hilo kuwa kipimo rasmi, Panga Munthu, ambapo mtoto anapewa udongo na kuambiwa afinyange mtu, naye mpimaji anahesabu viungo na uwiano wake. Kichwa na mkono wa mtoto vinapimwa kwa tendo moja, kwa kitu ambacho mtoto wa mwambao wa Mweru anakiokota bure mtoni.

Miaka mingi kabla ya hapo barabara nyingine ilikuwa imeanza Lusaka kuelekea jeshini, na nashangaa haisemwi zaidi. Mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya uhuru, ulifanyika Uchunguzi wa Uwezo wa Akili wa Rhodesia ya Kaskazini, na Taasisi ya Rhodes-Livingstone ikauchapisha mwaka uliofuata. Ni taasisi ileile ambayo Ian Cunnison alikuwa ameitumikia alipokaa Luapula akiandika habari za watu wa bonde na wa ufalme wa Mwata Kazembe. Waandishi wa uchunguzi huo walikuwa R. S. MacArthur, S. H. Irvine na A. R. Brimble. Lengo lilikuwa shule: nchi ilikuwa na nafasi chache za sekondari na ilihitaji kuchagua. Kila Mzambia aliyefanya mtihani wa darasa la saba anazikumbuka zile karatasi mbili maalumu za kufikiri kwa maneno na kwa maumbo. Ni za ukoo huohuo wa vipimo.

Sidney Irvine alihama, na miaka ya 1980 akiwa Plymouth, Uingereza, pamoja na Peter Dann na John Anderson, alitengeneza kipimo cha makuruta wa jeshi la Uingereza ambacho kilianza kutumika mwaka 1992: BARB. Kilikuwa cha kompyuta tangu mwanzo. Kuruta alikaa mbele ya skrini ya kugusa, na kompyuta yenyewe ilimtungia maswali papo hapo kwa kanuni, hata wawili walioketi sambamba wasipate mtihani mmoja. Maswali yalikuwa mepesi ya makusudi: herufi zipi zinafanana, namba ipi iko mbali zaidi, umbo lipi limegeuzwa. Kilichopimwa ni kasi na usahihi. Mtu aliyewahi kuona jinsi shule inavyopotosha alama za watoto wa Afrika alitafuta kipimo kinachodai shule kidogo iwezekanavyo, na hilo naliheshimu. Lakini angalia kidole: kinagusa tu. Mkono umefika kwenye kioo, ukabaki hapo.

Wamarekani wakati huo walikuwa wanajaribu kuurudisha mkono kwa kompyuta. Mtihani wao wa pamoja wa majeshi, ASVAB, uliotumika kwa matawi yote tangu 1976, ulikuwa unahamishiwa kwenye kompyuta inayobadili maswali kadiri mtahiniwa anavyojibu. Kompyuta ilipokwisha kuwepo mezani, watafiti waliuliza kwa nini isipime pia kile ambacho karatasi haiwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walijaribu batari ya nyongeza ya vipimo tisa, ECAT. Kimoja kilimtaka mtahiniwa afuate shabaha inayokwenda kwa mpini wa mkono mmoja. Kingine kilikuwa cha mikono miwili, huu ukisogeza alama juu na chini, ule kushoto na kulia, yaani yule fundi wa kerezo wa miaka ya 1940 amerudi akiwa nuru kwenye kioo. Springi na mota zilizoua mashine za zamani hazikuwepo tena.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalikuwa ya kiasi. Vipimo vya mkono viliongeza kitu, hasa kwa kazi za kulenga shabaha, lakini nyongeza ilikuwa ndogo juu ya kile ambacho ASVAB ilikuwa inakiona tayari. Vilihitaji kifaa maalumu cha kushika kwenye kila kituo. Wanawake walipata alama za chini kwa wastani kwenye kufuata shabaha. Na alama zilipanda sana mtu aliporudia, kwa hiyo aliyejizoeza alimzidi asiyejizoeza bila kuwa bora kazini. Mkono ukatolewa tena. Kilichobaki katika ASVAB kutoka katika juhudi hizo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni sehemu iitwayo Kuunganisha Vitu: mtahiniwa anaona picha ya vipande na kuchagua picha ya kitu ambacho vipande hivyo vingeunda. Kigoda cha chuma cha miguu mitatu cha Johannesburg kimegeuka mchoro, na mtoto wa waya amerudishiwa karatasi.

Marubani peke yao walipata mkono wao. Jeshi la anga la Marekani lilirudisha kipimo cha mpini mwaka 1993, na mwaka 2006 hivi likaleta kingine chenye mpini na pedeli, ambapo mtu anafuata ndege kwenye skrini huku akisikiliza namba masikioni na kujibu dharura zinazozuka. Alama hizo huchanganywa na mtihani mwingine wa uwezo na saa ambazo mtu amekwisha kuruka. Saa za kuruka hununuliwa kwa fedha. Sina haja ya kusema zaidi juu ya nani anazo.

Jeshi la Zambia linapotangaza nafasi, kijana wa Nchelenge huulizwa cheti cha darasa la 12, umri na afya, kisha hukimbizwa. Lakini majeshi ya dunia yanasonga kuelekea kwenye droni, boti za doria zenye mitambo na silaha zinazoongozwa kwa skrini, na vipimo vya kompyuta vitafuata vifaa hivyo. Ziwa Mweru ni mpaka, sehemu ya Zambia na sehemu ya Kongo, na anayelilinda atahitaji mtu wa kuendesha boti usiku. Kwa hiyo swali la nini kiwekwe mbele ya kijana huyo litafika hapa likiwa kifurushi kilichofungwa tayari kwingine, chenye viwango vya alama vilivyotokana na vijana waliokulia na michezo ya kompyuta.

Sasa tazama ustadi uliopo. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa chisense, dagaa wa Mweru, huwasha taa juu ya maji na kusubiri. Samaki wakikusanyika, mmoja anashikilia boti isizunguke upepo ukivuma, wawili wanauinua wavu pande zote mbili kwa mwendo mmoja, bila kusemezana. Ukipanda haraka upande mmoja, chisense wanamwagika kama maji. Yule wa kafi haangalii wavu wala kafi. Anaangalia duara la nuru na kuisikiliza boti kwa makalio na magoti, mkono wake unarekebisha kabla upepo haujamaliza kusukuma. Katika orodha ya Fleishman hapo pana uratibu wa viungo vingi, udhibiti wa kasi na kuitikia, vyote kwa kazi moja. Alfajiri, wanawake wanaotandaza samaki wachangani na kuwachambua, vidole vikitupa kisichotakiwa kabla jicho la mgeni halijakiona, wana ule wepesi wa vidole ambao kipimo cha kufuata shabaha hakiuoni kabisa. Jeshi linalompima msichana huyo kwa mpini tu na kuandika kwamba yuko chini ya wastani limempima kwa lugha ya mtu mwingine.

Mwekee mvuvi huyu mpini wa plastiki ambao hajawahi kuugusa, umpe dakika tano, naye atapata alama za dakika tano za kwanza, zile ambazo Fleishman na Hempel walionyesha kwamba zinapima kuelewa mashine kuliko wepesi wenyewe, na ambazo Ombredane asingezihesabu. Dawa yake inajulikana tangu miaka ya 1950: mazoezi kwanza, alama baadaye, na kinachoandikwa kiwe mwendo wa kupanda kwake pamoja na mahali alipofikia. Kompyuta inaliweza hilo kwa urahisi ambao mashine za springi hazikuwa nao, kwa kuwa inahifadhi kila jaribio na haichoki kurudia. Gharama yake ni muda. Kuruta badala ya kukaa nusu saa atakaa asubuhi nzima, au atarudi siku ya pili.

Na kando ya skrini liwekwe koleo na waya. Mtahiniwa aonyeshwe kitu, apewe muda, akijenge. Mpimaji ahesabu viungo vilivyo mahali pake, uwiano, na kama sehemu inayotakiwa kugeuka inageuka, kama Kathuria na Serpell walivyofanya kwa udongo. Kazi hiyo inahitaji watafiti wa Lusaka, maafisa wa jeshi na walimu wa Luapula wakae meza moja, wawapime vijana wa mwambao na wa mjini, wa kike na wa kiume, wawafuatilie hadi mafunzoni, na kuona nani kweli aliendesha boti vizuri. Alama zitakazopatikana ziwe za kufungulia mlango wa kila kazi, ya fundi, ya rubani na ya afisa, bila dari ile ya migodini.

Mafundi wa kuutengeneza mtihani huo wapo. Wengine wao walikimbiza malori ya waya kwenye barabara ya Mansa.